Sentimita Tano Juu: Mjadala wa Spesa na Mabuti ya CV Jointi, Kilosa hadi Mikumi

Mikumi ni njia panda. Barabara ya TANZAM inatoka Morogoro, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, kisha inaelekea Iringa na Mbeya. Kusini inachepuka barabara ya Kidatu na Ifakara. Kaskazini inachepuka ile inayopita kata ya Ulaya hadi Kilosa mjini, ambayo sehemu kubwa yake imejulikana kwa miaka mingi kwa changarawe, vumbi na tope. Udongo mweusi wa mbuga hunata ukilowa. Ukikauka, mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori hukakamaa, na katikati yake hubaki tuta refu linalosugua tumbo la kila gari fupi.

Watu wa Kilosa wanayajua maji kwa uchungu. Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya wakazi wakakosa makazi na Reli ya Kati ikakatika. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Dumila. Mtu wa eneo hili akinunua gari, jambo la kwanza analolitazama ni nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi.

Gari lenyewe kwa kawaida si jipya. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaliruhusu, ila inalitoza ushuru wa ziada. Ndiyo maana Prado za miaka ya 1990, Hilux Surf, Pajero, Escudo na RAV4 za mwanzo bado zinabeba watu na mizigo. Na karibu kila mwenye moja ya hizo ameshaambiwa na mtu: weka spesa mbele, yaani kipande cha kuinulia gari, lipande.

Lipande au lisipande? Mjadala huu umepangwa kwa sauti nne zisizo na majina, kila moja ikibeba hoja ya upande wake: mkulima wa mpunga mwenye Prado, fundi wa gereji, dereva wa watalii na mama anayeuza spea.

Mkulima: Mimi nataka kufika shambani tu. Prado yangu ni ile ya kizazi cha 90, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2002. Mvua zikishika, bamba la chini ya injini linakwangua tuta la katikati tangu ninapoiacha barabara kubwa. Vijana wameniambia wataweka spesa juu ya shokapu za mbele, kazi ya asubuhi moja, gari lipande sentimita 5. Sasa nikikutajia wewe fundi, unatikisa kichwa. Kuna nini?

Fundi: Shikamoo mzee wangu. Kichwa nakitikisa kwa sababu ya shafti za mbele. Gari lako mbele halina ekseli moja nzima. Difu imefungwa kwenye fremu, na kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Ukiinua fremu, difu inapanda nayo, lakini gurudumu linabaki ardhini. Shafti iliyokuwa karibu kulala sasa inainama kutoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Chukua shafti ambayo jointi zake mbili, yaani CV jointi, zimeachana sentimita 40: tofauti ya sentimita 5 inaongeza pembe ya takribani digrii 7. Na pembe hiyo gari litatembea nayo kutwa, hata barabara ikiwa tambarare.

Mkulima: Marahaba, kijana. Lakini jointi si imetengenezwa ili ikunjike? Nikikata kona inakunjika zaidi ya hapo.

Mkulima hapo amegusa jambo la kweli, na ndilo linalowapotosha wengi. Jointi ya nje, upande wa gurudumu, mara nyingi ni ya aina iliyobuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, katika miaka ya 1920. Ndani yake gololi 6 hutembea kwenye mifereji na kupeleka nguvu bila kushtua, hata shafti ikiwa imekunjika. Ubunifu huo ulienea kwenye magari ya watu wa kawaida kuanzia Mini ya Uingereza ya mwaka 1959. Jointi ya namna hiyo huweza kukunjika zaidi ya digrii 40 gari linapokata kona. Jointi ya ndani, upande wa difu, kazi yake kubwa ni kuteleza ndani na nje ili shafti ipate urefu inaouhitaji, kwa hiyo uwezo wake wa kukunjika ni mdogo zaidi.

Digrii 7 za nyongeza, basi, haziivunji jointi ya nje. Zinaumiza buti, yaani mpira wenye mikunjo unaoifunika jointi, kutunza grisi ndani na kuzuia mchanga nje. Shafti ikiwa imeinama, upande wa juu wa buti unanyooka na upande wa chini unabanwa, au kinyume chake, kutegemea jointi ni ya ndani au ya nje. Gurudumu likizunguka, kila mkunjo unapitia kunyooka na kubanwa mara moja kwa kila mzunguko. Tairi la 265/70R16, lililozoeleka kwenye Prado, huzunguka kama mara 410 kwa kilomita. Kuvuka hifadhi ya Mikumi peke yake, kilomita 50, ni mizunguko zaidi ya 20,000. Katika pembe ndogo mikunjo haigusani. Pembe ikizidi, inasuguana yenyewe kwa yenyewe katika kila mzunguko, na vumbi likijipenyeza katikati yake linafanya kazi ya msasa.

Dereva wa watalii: Fundi, usimtishe mzee. Land Cruiser za mfululizo wa 70 tunazoendesha porini zimeinuliwa, zimewekewa springi nene, na zinazeeka kazini. Mbona mabuti hayapasuki?

Fundi: Kwa sababu hayapo, kaka. Cruiser ya 70 mbele ina ekseli nzima. Difu na magurudumu yote mawili yako kwenye chuma kimoja. Ukiinua springi, bodi inapanda, lakini ekseli haibadiliki. Shafti zimo ndani yake na jointi zake zimefungiwa kwenye tufe la chuma lenye sili. Pembe ya jointi inabaki ile ile. Watu wanaona Cruiser ndefu Mikumi, wanarudi nyumbani kuinyanyua Prado au RAV4 wakidhani ni kitu kimoja.

Dereva: Nakubali. Lakini basi sema na upande wa pili. Cruiser ukiinua springi, difu haipandi hata kidogo, mbele wala nyuma. Njia pekee ya kuipandisha ni tairi kubwa. Mzee akiinua Prado, bamba lake na difu ya mbele vinapanda kweli.

Hoja hiyo ina uzito, na ina mkia. Prado ya 90 mbele ina magurudumu yanayojitegemea, lakini nyuma ina ekseli nzima. Mkulima akiweka spesa mbele, pua itapita juu ya tuta, kisha difu ya nyuma, ambayo haijasogea hata milimita moja, italigonga tuta hilo hilo. Amelipa na bado anakwangua, ila kwa nyuma.

Tairi lina hesabu tofauti. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka milimita 27 hivi, na gari zima linapanda kama milimita 13. Ni kidogo, lakini milimita hizo zinainua kila kitu pamoja na difu ya nyuma, wala haziongezi pembe ya shafti. Kabla ya kununua, fundi anapaswa kukata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, kuona kama tairi halitagusa fenda wala mkono wa chini.

Mama wa spea: Mimi nauza mabuti, na nitasema ukweli ingawa unanipunguzia lawama na wateja kwa pamoja. Msiisingizie spesa kila kitu. Gari la 1998 limekuja na mpira uliokula jua na joto la injini miaka yote hiyo. Wengine wananiletea buti lililopasuka, gari halijawahi kuinuliwa hata kidogo. Halafu mteja anaomba la bei ya chini kabisa, lile lililokatwa ubavuni ambalo fundi analivisha bila kufungua shafti na kuligundisha kwa gundi. Likifumuka baada ya muda mfupi, anasema gari limeinuliwa vibaya.

Fundi: Mama, hapo umenisema na mimi, maana mafundi wengi tunalipenda hilo la ubavuni. Kufungua shafti ni kazi. Lakini barabara ya tope haliwezi.

Mama: Na kibano? Mnafunga kwa waya wa kufungia mabati, au kamba ya plastiki. Kamba ya plastiki inalegea grisi ikipata joto. Buti zuri na kibano kibovu ni sawa na kutoweka buti.

Ni kweli kwamba umri, mwiba na kibano hupasua mabuti mengi bila msaada wa spesa. Ndiyo maana alama zenyewe zinapaswa kusomwa kabla ya mtu kulaumiwa. Nyufa nyembamba kavu zilizozunguka mikunjo yote, hata pale ambapo haigusani, ni za uzee. Sehemu inayong'aa au iliyolika katika kuta za mikunjo inayotazamana ni dalili ya msuguano, na hapo pembe ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mpasuko mmoja safi wa upande mmoja umetokana na jiwe, mwiba au kipande cha waya. Grisi inayovuja pale kibano kilipofungwa wakati mpira ni mzima ni kosa la kibano hicho.

Usomaji huu hauhitaji mashine. Gari linapandishwa jeki, linawekewa stendi, usukani unakatwa hadi mwisho, gurudumu linazungushwa taratibu kwa mkono, na vidole vinapanua mikunjo mmoja mmoja. Grisi nyeusi iliyorushwa ndani ya rimu au kwenye mkono wa chini ina maana buti limeshafunguka. Likikamatwa mapema, jointi inafunguliwa, inaoshwa, inajazwa grisi yenye molibdeni inayokuja na buti lenyewe, na shafti inaendelea na kazi. Likiachwa, mchanga unaingia, na siku gari linapoanza kulia kak-kak-kak kwenye kona, buti jipya haliwezi tena kuiokoa jointi. Mtetemo unaokuja wakati wa kukanyaga mafuta na kupotea mguu ukiachia mara nyingi hutoka kwenye jointi ya ndani.

Mkulima: Basi tuseme nimekagua, mabuti ni mazima. Spesa zina kosa gani kuliko springi ndefu? Kupanda si kupanda?

Fundi: Hapana, mzee. Spesa inayokaa juu ya shokapu inaishusha shokapu yote. Gurudumu likining'inia shimoni, linashuka chini kuliko kiwanda kilivyoruhusu, na shafti inafika pembe ambayo haikupangiwa. Springi ndefu au ngumu zaidi kwenye shokapu yenye urefu ule ule inapandisha gari, lakini kikomo cha chini hakibadiliki. Ubaya wake ni kwamba gurudumu linakuwa na nafasi ndogo ya kushuka, na ukivuka tuta kwa kasi utasikia shokapu inagonga mwisho wake.

Dereva: Na matuta ya barabarani ndani ya hifadhi unayajua mwenyewe.

Fundi: Ninayajua. Kuna pia kosa la hesabu. Kwenye Prado, springi inakaa katikati ya mkono wa chini, si kwenye gurudumu lenyewe. Spesa ya sentimita 2.5 inaweza kulipandisha gari karibu sentimita 5. Kijana anakata chuma cha sentimita 5 kwa sababu mteja ametaja sentimita 5, na gari linapanda karibu mara mbili ya hapo. Kwenye RAV4, ambayo shokapu inashika moja kwa moja kwenye gurudumu, spesa na mwinuko vinakaribiana. Fundi asiyetofautisha mifumo hiyo miwili ataharibu gari akidhani anafuata maagizo.

Pajero za kizazi cha pili na baadhi ya Hilux za zamani zina kishawishi kingine. Mbele zina toshenibaa, vyuma virefu vinavyofanya kazi ya springi kwa kujisokota, na bolti ya kurekebisha urefu ipo pale pale. Mtu anaikaza, gari linapanda bila kununua chochote. Pembe ya shafti inaongezeka vile vile, na boljointi na tairodi nazo zinabadilisha mkao. Asiyekwenda kufanya alaimenti baada ya hapo ataona matairi ya mbele yanalika upande mmoja.

Mkulima: Nimesikia pia kwamba difu ya mbele inaweza kushushwa ili shafti zilale tena.

Fundi: Inaweza kwa gari kama lako. Tunaweka vipande vya chuma kwenye viungio vya difu, inashuka kama sentimita 2.5. Pembe inapungua.

Mkulima: Yaani nilipe kupandisha, halafu nilipe kushusha? Difu ikishuka, si inalikaribia tuta tena?

Fundi hana jibu la kuikwepa hoja hiyo. Kushusha difu kunarudisha chini sehemu ya kile kilichonunuliwa. Kunafaa kwa anayetaka nafasi ya matairi makubwa au pua iliyoinuka ya kuingilia korongo. Kwa anayehangaika na tuta la katikati, faida yake inaliwa nusu.

Dereva: Mimi bado nina neno, na si la mabuti. Mzee, shamba lako liko Ulaya, lakini mpunga unauuza Mikumi na Morogoro. Utapita hifadhini. Nyumbu au twiga akikatiza ghafla, gari lililoinuliwa linainama zaidi ukilikwepesha, kwa sababu uzito wake umepanda juu. Taa nazo zinatazama juu, unawapofusha wenzako usiku. Na ukibeba magunia nyuma, nyuma inakaa, pua inanyanyuka, shafti zako za mbele zinainama zaidi hata ya ulivyozipima gari likiwa tupu.

Mama: Hilo la magunia wengi hawalifikirii kabisa.

Dereva: Tena Prado ya mzee inavuta magurudumu yote manne muda wote, shafti za mbele hazipati likizo. Hilux za zamani zenye hab za kufunga kwa mkono, dereva akiwa lami anafungua hab, shafti inatulia, buti linapumzika. Akifika tope anafunga. Prado haina nafasi hiyo.

Fundi: Sawa, kaka, lakini mwambie mzee apite wapi wakati wa mvua. Wewe unalala mjini, yeye ana mpunga shambani. Kumwambia asiinue kabisa ni kumwambia asivune.

Hapo ndipo mjadala unapokuwa mgumu, kwa kuwa hakuna upande unaosema uongo. Mtu wa Kilosa anahitaji nafasi chini ya gari kuliko mtu wa Dar es Salaam anayeinua ili apendeze foleni. Haja yake ni ya kweli na haistahili kubezwa na mafundi. Lakini haja hiyo ndiyo inayomfanya awe mteja rahisi wa kazi mbovu: spesa iliyochongwa bila vipimo, iliyofungwa juu ya mpira wa miaka 20, bila mtu kulala chini ya gari kuangalia shafti.

Kwa gari kama la mkulima huyu, kinachotetewa hapa ni njia ya kati yenye mpangilio wake. Mabuti yakaguliwe kwanza, na yenye nyufa yabadilishwe kwa yasiyo na mshono, yakifungwa kwa vibano vya chuma. Pili tairi la 265/75R16, kwa kuwa linapandisha difu zote mbili. Tatu, ikiwa bado haitoshi, springi za mbele zinazoongeza sentimita 3 hivi, pamoja na springi za nyuma zinazomudu magunia, ili gari lisitembee limeinua pua. Kisha alaimenti, taa zishushwe, na mipira ya breki iangaliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, isije ikavutika. Baada ya kila safari ya tope, mikunjo ioshwe kwa maji ya kawaida kabla udongo haujakauka ndani yake. Kuosha kwa dizeli, kama gereji nyingi zinavyofanya, huvimbisha mpira.

Mama: Na ankara iandikwe. Gari limepanda kiasi gani, kwa springi au kwa spesa, na mabuti manne yalikuwaje siku hiyo. Mteja akirudi kwangu analia, nitajua nimuuzie nini na nani wa kuulizwa.

Mkulima: Hilo la kuandika nalitaka. Mpaka leo hakuna fundi aliyenipa karatasi ya kazi aliyoifanya chini ya gari langu.

Dereva: Mimi sijahama. Tairi, ndiyo. Springi, hapana, labda siku barabara ya hifadhini utakapoacha kuipita na mzigo.

Fundi: Basi tuanze na tairi na mabuti, mzee, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Upite na mzigo kamili, bamba likiendelea kukwangua tutazungumza springi. Na ukishaziweka, lirudishe gari baada ya kilomita 1,000 nilipandishe jeki nione mikunjo inagusana wapi.